Baikal na Tanganyika: kina kinakaribiana, kwa nini vilindi vyake havifanani? Naomba msaada wa somo

Mwl wa Gungu

Wakuu, habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Naandaa vipindi vya jiografia vya kidato cha nne kuhusu maziwa ya bonde la ufa, na nataka kuliweka Tanganyika bega kwa bega na Baikal la kule Siberia. Wanafunzi wengi ni watoto wa Katonga, Kibirizi na Ujiji hapa Kigoma, ziwa letu wanalijua vizuri. Baikal kwao ni jina la kwenye mtihani tu: ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, basi.

Kuna jambo moja nataka walielewe hasa. Maziwa haya yamefanana sana: marefu, membamba, yote ya ufa, na kina kimepishana kwa mita mia na kitu. Lakini Baikal lina samaki hadi sakafuni, wakati la kwetu huku kaskazini ukishapita mita mia hivi maji hayana oksijeni. Kwa nini? Natafuta sababu ambayo mwanafunzi ataiona kwa macho yake darasani. Maabara ina silinda za kioo na themometa kadhaa, na barafu naweza kuipata kwa wauza samaki.

La pili, Angara unatoka Baikal na Lukuga unatoka kwetu. Je, ni sahihi kuwaambia kwamba mito hii miwili inafanya kazi moja? Na nichore kwa vipimo gani ili maziwa yote yaingie kwenye manila moja? Natanguliza shukrani.

Chumvi ya Uvinza

Mwalimu, swali lako la kwanza ndilo kiini cha somo zima, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza takwimu za kuandika ubaoni. Baikal: kina 1,642 m, urefu 636 km, eneo takriban 31,700 km za mraba, ujazo takriban 23,600 km za ujazo. Tanganyika: kina 1,470 m, urefu takriban 673 km, eneo takriban 32,900, ujazo takriban 18,900. Waulize wanafunzi: ziwa letu lina eneo kubwa zaidi, mbona lina maji machache? Wagawe ujazo kwa eneo, watapata kina cha wastani: Baikal mita 740 na kitu, letu kama 570. Hapo hesabu yenyewe imewaeleza.

Na ile sentensi ya "Baikal lina moja ya tano ya maji matamu yote duniani" naomba usiiache hivyo. Ni moja ya tano ya maji matamu yaliyo juu ya ardhi na ambayo hayajaganda. Barafu ya Antaktika na Grinilandi haimo, na maji ya chini ya ardhi hayamo. Wanafunzi wengi hupotea kwenye swali hilo kwa kukariri nusu ya sentensi.

Sasa oksijeni. Oksijeni huingia ziwani kwa juu, kutoka hewani na kutoka kwa mimea midogo inayopata mwanga. Ili ifike chini, lazima maji ya juu yazame. Na maji ya juu hayazami mpaka yawe mazito kuliko ya chini. Kwa hiyo uliza joto kwanza, kina baadaye.

Maji matamu yanazidi kuwa mazito kadiri yanavyopoa, hadi nyuzijoto 4. Ukiendelea kuyapoza chini ya hapo yanarudi kuwa mepesi, na barafu ni nyepesi zaidi, ndiyo maana inaelea. Uso wa Baikal unapita kwenye nyuzi 4 mara mbili kila mwaka: mara moja ukipata joto baada ya barafu kuyeyuka, mara ya pili ukipoa kuelekea kuganda. Katika nyakati hizo maji ya juu na yaliyo chini yake yanakaribiana uzito, na upepo unayachanganya hadi kama mita 250 au 300.

Lakini mita 300 bado ni mbali na 1,642. Hapa kuna hatua ya pili ambayo vitabu vingi vya shule vinairuka. Mgandamizo wa maji hushusha kile kiwango cha nyuzi 4: kila ukishuka mita 100, joto ambalo maji huwa mazito kuliko yote hupungua kwa kama nyuzi 0.2. Vilindi vya Baikal vina nyuzi 3 na kitu. Upepo mkali ukilundika maji baridi ya juu kando ya ufuko na kuyasukuma chini vya kutosha, yanafika mahali ambapo, kwa sababu ya mgandamizo, yenyewe ndiyo mazito kuliko yanayoyazunguka. Kuanzia hapo hayasukumwi tena, yanashuka yenyewe hadi chini yakiwa na oksijeni yake. Ndiyo sababu golomyanka, samaki wa Baikal mwenye mafuta mengi na mwili unaopitisha mwanga, anaishi tangu karibu na uso hadi vilindini.

Tanganyika halina nafasi hiyo. Uso una nyuzi 25 hadi 27 sehemu kubwa ya mwaka, vilindi vina 23 na kitu. Mtu ataona tofauti ya nyuzi 2 au 3 ni ndogo, na hapo ndipo panapopotosha. Maji ya uvuguvugu hubadilika uzito kwa kasi kuliko maji yaliyo karibu na 4. Kutoka nyuzi 4 hadi 6, lita moja ya maji hupungua uzito kwa kama gramu 0.03. Kutoka 24 hadi 26 hupungua kwa kama gramu 0.5. Ni nyuzi mbili zilezile, ila nguvu ya kutenganisha matabaka ni zaidi ya mara 15. Kwa hiyo maji yetu ya juu yanabaki juu mwaka baada ya mwaka, kinachooza kinashuka, oksijeni ya chini ilishaliwa zamani, na kilichobaki huko ni gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza.

Upepo wa kusini-mashariki, Mei hadi Septemba, unasaidia kidogo. Unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, tabaka la juu linakuwa nene kwetu na jembamba kule Zambia, na maji yenye rutuba yanapanda upande wa kusini. Upepo ukikoma, tabaka zima linayumba kwenda na kurudi, na rutuba inafika kaskazini pia. Dagaa na migebuka hutegemea sana mwendo huo. Lakini ni mchanganyiko wa juu tu: oksijeni inaishia kama mita 100 upande wetu na mita 200 na zaidi upande wa kusini.

Maabara Kasulu

Naongezea majaribio. Fanya mawili, kila moja na ziwa lake.

La Baikal ni jaribio la zamani la mwanasayansi Hope. Chukua silinda ya kioo ya lita 1, weka maji yaliyotoka kwenye friji, nyuzi 10 hadi 12. Themometa moja ikae karibu na chini, nyingine sentimita 3 chini ya uso. Kiunoni mwa silinda, katikati kabisa, funga mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na chumvi, sehemu 3 za barafu kwa 1 ya chumvi kwa uzito. Chumvi ya mawe inafaa. Mfuko wa nailoni mrefu uliozungushwa na kufungwa kwa mpira unatosha kuushika.

Soma themometa zote mbili kila baada ya dakika 2 na uandike. Mwanzoni ya chini ndiyo inayoshuka, ya juu karibu haisogei. Ya chini ikifika 4 inasimama. Ndipo ya juu inaanza kushuka, inaipita ya chini na kuelekea 0. Wanafunzi wachore mistari miwili kwenye karatasi ya grafu, wataona inakatana. Mistari ikishakatana, maelezo ya Chumvi ya Uvinza yataeleweka bila kutumia nguvu.

Yanayoharibu jaribio hili hapa Kigoma ni haya. Chumba kina nyuzi 26 au 28, kwa hiyo chini ya silinda panapashwa na meza. Themometa ya chini itagoma kwenye 6 au 7. Weka silinda juu ya kitambaa kizito kilichokunjwa mara nyingi na uizungushie kingine sehemu ya chini. Ukianza na maji ya bomba ya nyuzi 25, barafu itaisha kabla hujafika popote. Ukiinua themometa ili usome, unakoroga. Zifunge kwenye kijiti kilicholazwa juu ya mdomo wa silinda na usome zikiwa ndani. Na kabla ya yote, tumbukiza themometa zote mbili kwenye kikombe kimoja cha maji yenye barafu. Kama zinatofautiana kwa nyuzi 1, andika tofauti hiyo na uitoe kwenye kila kipimo. Kwa jaribio linalotafuta nyuzi 4, kosa la nyuzi 1 linatosha kuleta mabishano.

La Tanganyika linataka chombo kirefu: tangi la kioo la sentimita 60 au zaidi, au boksi la plastiki linaloonyesha ndani. Jaza maji ya bomba hadi sentimita 10. Pasha maji mengine hadi nyuzi 45 hivi, tia punje chache za pamanganeti ya potasiamu hadi yawe ya zambarau hafifu. Yamimine taratibu sana juu ya sponji inayoelea, hadi upate tabaka la sentimita 4. Yakimiminwa moja kwa moja yanatoboa tabaka na kila kitu kinageuka zambarau; hapo mwaga uanze upya, hairekebishiki. Punje zikizidi pia wanafunzi hawataona mpaka.

Kisha pepea kutoka upande mmoja kwa feni ndogo. Umeme ukikatika, watu wawili wenye nyungo wanatosha. Baada ya muda mpaka wa rangi unashuka upande wa mbali na kupanda upande upepo unakotoka. Acha kupepea, waambie wakae kimya waangalie: mpaka unarudi, unapitiliza, unarudi tena, polepole kabisa, wakati uso wa juu umetulia. Hicho ndicho kinachotokea kati ya Kigoma na Mpulungu, kule Zambia, kila kiangazi. Usipepee kwa nguvu hadi viwimbi vivunjike, maana utachanganya matabaka na jibu litakuwa la uongo.

Ukiwa na kipindi kimoja tu, fanya la Hope kwanza. Barafu haisubiri.

Mwl wa Gungu

Nashukuru sana, haya ni madini matupu. Maabara Kasulu, nimeelewa kuhusu kuzilinganisha themometa, nitaanza na hilo. Swali ambalo najua litatoka darasani: kama Baikal linafunikwa na barafu miezi minne au mitano, samaki hawakosi hewa?

Chumvi ya Uvinza

Hawakosi. Barafu hushika Januari na kuachia Mei, kaskazini huchelewa hata kuingia Juni. Kule theluji ni chache na upepo huifagia, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu ni angavu na mwanga unapita. Chini yake mimea midogo, hasa diatomu, inastawi na kutoa oksijeni majira ya kuchipua. Pia maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto: kwenye nyuzi 4 lita moja inabeba kama miligramu 13, kwenye nyuzi 26 kama 8. Na ziwa lenyewe lina akiba kubwa hadi chini, miezi michache haiimalizi. Sili wa Baikal, nerpa, ndiye mwenye shida ya kupumua. Yeye hutunza matundu kwenye barafu kwa makucha yake.

Rula na Ramani

Kuhusu kuchora. Ukitumia kipimo kimoja kwa urefu na kina utapata mstari tu: kwa sentimita 1 kwa kilomita 10, Baikal lina urefu wa sentimita 63.6 na kina cha milimita 1.6. Kwa hiyo kuza kina. Urefu: sentimita 1 kwa kilomita 10. Kina: sentimita 1 kwa mita 100. Baikal litakuwa 63.6 kwa 16.4, Tanganyika 67.3 kwa 14.7. Manila ukiilaza yanaingia yote, moja juu ya jingine. Andika pembeni kwa herufi kubwa: KINA KIMEKUZWA MARA 100. Bila hivyo watoto wataamini ufa ni korongo lenye kuta zilizosimama wima.

Piga mstari wa usawa wa bahari kwenye kila mchoro. Uso wa Baikal uko kama mita 456 juu ya bahari, yaani sentimita 4.6 juu ya mstari. Sakafu inashuka sentimita 11.9 chini yake. Uso wa Tanganyika uko takriban mita 770, sentimita 7.7 juu, sakafu sentimita 7 chini. Mstari huo mmoja unaonyesha jambo ambalo takwimu peke yake hazionyeshi: sakafu za maziwa yote mawili ziko chini ya usawa wa bahari, katikati ya mabara.

Usichore sakafu kama bakuli. Baikal lina vilindi vitatu: cha kusini takriban mita 1,460, cha kati 1,642, cha kaskazini takriban 900. Letu lina viwili vikubwa: cha kaskazini, kinachoitwa kwa jina la Kigoma, kama mita 1,310, na cha kusini, cha Kipili, ndicho chenye 1,470. Mpaka wake ni mgongo wa chini ya maji upande wa Kalemie. Wanafunzi wengi hudhani sehemu ya kina zaidi iko mbele ya bandari yetu.

Mito: Angara hautoki kwenye ncha ya ziwa. Unatoka ufuko wa magharibi karibu na mwisho wa kusini, pale Listvyanka, na mji wa Irkutsk uko mbele kama kilomita 70, haupo ufukoni. Mto mkubwa unaoingia ni Selenga, unatoka Mongolia, unaingia mashariki kwa delta pana na unaleta karibu nusu ya maji ya mito yote. Kaskazini mwa delta hiyo kuna ghuba ya Proval: tetemeko la Januari 1862 lilizamisha ardhi ya kama kilomita za mraba 200. Ufa bado unafunguka, hilo wasisahau.

Sasa Angara na Lukuga. Ni kweli kila ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, lakini kazi haifanani. Baikal linapoteza maji yake mengi kwa Angara, kama kilomita za ujazo 60 kwa mwaka. Gawa 23,600 kwa 60, unapata karibu miaka 400. Tanganyika linapoteza sehemu kubwa sana kwa mvuke, Lukuga unatoa kidogo tu, kwa hiyo ukigawa hivyohivyo unapata maelfu ya miaka. Uchafu wowote usiooza unaoingia kwetu unakaa. Jambo hili lipe dakika za kutosha.

Tofauti nyingine ni kwamba Angara umefungwa. Bwawa la umeme la Irkutsk lilianza kuzalisha mwaka 1956, na ukuta wake uliinua ziwa zima kwa karibu mita 1. Mwaka 2001 serikali ya Urusi iliweka mipaka ya kima: kati ya mita 456 na 457, ingawa baadaye iliilegeza. Ukishusha sana, sehemu za kina kifupi ambako samaki hukua zinakauka; ukipandisha sana, mawimbi yanakula kingo na mchanga. Chini zaidi kuna mabwawa mengine, Bratsk, Ust-Ilimsk na Boguchany, kisha Angara unaingia Yenisei na maji yanaishia bahari ya Aktiki. Lukuga hauna lango kama hilo. Mwaka 1878 maji yalipasua kizuizi cha matope na mimea mlangoni pake na ziwa likashuka mita kadhaa, na miaka hii ya karibuni lilipopanda hapakuwa na wa kulifungulia.

Reli Tabora

Mwalimu, kama una dakika kumi zimebaki, waonyeshe meli. Liemba wanaijua: iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati kupitia Tabora, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Baikal lilitangulia kwa njia ileile. Meli ya kuvunja barafu iliyoitwa Baikal iliundwa Newcastle, Uingereza, ikafika Siberia vipande vipande, ikaunganishwa Listvyanka, na kuanzia 1900 ilivusha mabehewa ya treni, kwa kuwa reli ya Siberia ilikuwa imekatika na ziwa. Tatizo ni moja: ziwa refu la ufa linaziba njia ya reli, na hakuna mto wa kupitisha meli kubwa kutoka baharini.

Mwanzoni mwa 1904, vita na Japani ilipoanza, barafu ilikuwa nene kuliko uwezo wa meli. Wakalaza reli juu ya barafu yenyewe, farasi wakavuta mabehewa moja moja, injini zikafunguliwa vipande vipande ili uzito utawanyike. Mwaka huohuo njia ya kuzunguka ncha ya kusini, yenye mahandaki mengi kwenye miamba, ikaanza kupitisha treni.

Hadi leo magari huvuka barafu kwenda kisiwa cha Olkhon. Barafu ya sentimita 10 inabeba mtu, 30 inabeba gari dogo, na hiyo ni barafu ngumu isiyo na nyufa. Magari huenda polepole na kwa kuachiana nafasi, mikanda ikiwa imefunguliwa. Sababu ni kwamba gari linapokwenda linasukuma wimbi kwenye maji chini ya barafu. Mwendo ukilingana na wa wimbi, wimbi linakua na kuipasua. Wanafunzi wa fizikia watalipenda hilo.

Mwl wa Gungu

Nimeyachukua yote. La mwisho: nikisema mito ya Siberia inaelekea kaskazini, kuna athari gani ya kuwapa kama mfano?

Rula na Ramani

Mafuriko ya barafu. Ob, Yenisei na Lena inatoka kusini kwenye joto kwenda kaskazini kwenye baridi. Majira ya kuchipua barafu ya kusini, mto unakotoka, inayeyuka wakati ya kaskazini bado imeshika. Vipande vinashuka, vinajibana kwenye kona au penye visiwa, maji yanapanda nyuma yake. Mei 2001 mji wa Lensk kando ya mto Lena ulizamishwa hivyo. Hatua zao ni kuikata barafu kwa misumeno kabla ya msimu, kuipaka vumbi jeusi la makaa ili inyonye jua iyeyuke mapema, na ikishindikana, kuilipua. Mchore mshale wa mto na mshale wa joto kwenye ramani moja, uwaulize wenyewe barafu itajibana wapi.